Soneti ya Sakafu

Jumatatu, 1 Julai 1996

Nimeficha jambo moja kwa miaka thelathini na tisa. Shairi lile si langu.

Haya. Nimeandika. Paa halikuanguka.

Daktari wa zahanati amesema moyo wangu umechoka. Alisema kwa upole, kama mwalimu anayemsomea mzazi alama mbaya za mwanawe. Nikamuuliza nimebakiza muda gani. Akanijibu nisipande ngazi. Lindi nzima haina ngazi! Nikaenda nyumbani nikiwa na matumaini kidogo.

Hata hivyo, si vizuri kufa na uongo mfukoni. Kwa hiyo naweka ukweli hapa, mimi Zablon Osewe, umri miaka sabini na miwili, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mpangaji wa chumba kimoja hapa Lindi, Kibera, jijini Nairobi. Kuna soneti ya Kiingereza, mishororo kumi na minne, ambayo ilisomwa katika shule nyingi. Chini yake pana jina Z. Osewe. Iliandikwa mwaka 1957, katika daftari la mazoezi, na msichana wa darasa langu. Mimi nilisahihisha koma mbili. Kisha nikainakili na kuipeleka kwenye jarida la walimu. Ikashinda. Zawadi ilikuwa baiskeli.

Msichana huyo aliitwa Akeyo. Sasa hivi ameketi mlangoni anachambua omena, dagaa wa ziwani, wa kuuza sokoni Kisumu Ndogo, na ananiambia nifunge dirisha, baridi inaingia. Ni mke wangu.

Hajui. Au amesahau. Sijawahi kuuliza.

Leo imekuja barua. Imetoka kwa Bi Wanja, mwalimu kijana wa Kiingereza katika sekondari moja ya Kawangware inayoitwa Gachanja Hill. Kilima hakipo. Gachanja yupo, ndiye mwenye ploti. Bi Wanja anasema Kidato cha Tatu wanajifunza soneti, na amegundua kwamba mshairi mwenyewe yu hai, tena yuko karibu. Ananialika darasani Alhamisi. Kisha Jumamosi ya tarehe 13, siku ya zawadi, shairi litachorwa kwa rangi ukutani pamoja na jina langu, na chumba cha vitabu kitaitwa Maktaba ya Osewe.

Njia ya haki ni moja tu. Niandike kwamba siwezi, na nieleze kwa nini.

Nimeandika kwamba nitafika mapema.

Kukiri kunaweza kungoja rangi ikauke.

Jumanne, 2 Julai

Balaa! Sina nakala ya shairi langu. Shairi lake. Lile shairi. Kitabu kilichokuwa nalo kililiwa na mchwa tulipokuwa tukiishi Silanga.

Nikatumia akili. Nikamwambia Akeyo, kwa sauti ya mtu anayewaza mengine, kwamba nashangaa kama yupo anayekumbuka mambo yale ya zamani. Akalisoma lote kwa kichwa, mikono ikiwa ndani ya omena. Hakukwama hata mahali pamoja. Naweka hapa baadhi kwa Kiswahili changu. Linaanza hivi:

*Naanzia pale ukuta ulipo mbali,*
*goti langu nyuma, kiganja changu mbele.*

Halafu kuna harufu ya ng'ombe aliye hai, kuna nyayo zinazofutika. Mshororo wa tisa, pale ambapo soneti hugeuka, unasema: *Kizingiti kimegusa kisigino changu.* Na shairi linamalizia:

*Naitazama nyumba safi isiyo na mimi;*
*mlango umenipokea, sakafu imenisahau.*

Nikamuuliza amelijulia wapi vizuri hivyo. Akanitazama kidogo. Akasema, "Japuonj, umelisoma mbele ya watu miaka mingapi?" Japuonj ni mwalimu kwa Kijaluo. Hajawahi kuniita jina lingine, hata siku ya harusi.

Nimeridhika. Amelishika kwa kunisikia mimi.

Maana yake sina wasiwasi nayo. Nimeifundisha miaka thelathini na mitatu. Mwaka 1957 lilichapishwa kwa jina "Sala ya Magoti", na wamishonari walilia. Baada ya uhuru nilitazama upya nikagundua ni siasa. Nikaliita "Kuondoka kwa Himaya". Anayerudi nyuma ni Mwingereza. Kiganja ni mkono wa kwaheri. Ng'ombe ni mashamba ya walowezi. Kizingiti ni usiku wa bendera. Wanafunzi wangu wengi walipata alama nzuri kwa maelezo hayo, na mmoja ni chifu.

Alhamisi, 4 Julai

Gachanja alinitumia pikapu yake. Nilikaa nyuma juu ya magunia ya chakula cha kuku, nimevaa koti la harusi. Nilifika Kawangware nikiwa na pumba kwenye nyusi. Watoto wakadhani ni mvi zangu.

Darasa ni mabati matupu. Wanafunzi thelathini na wawili. Bi Wanja ni mwembamba, macho makubwa, chaki hata kwenye sikio. Alikuwa ameandika shairi lote ubaoni, mistari imeachana. Ana sheria moja: hakuna ruhusa ya kusema lolote juu ya shairi mpaka uende ubaoni uweke kidole chako juu ya neno linalokupa haki ya kusema hivyo. Wao huita hiyo kusoma kwa karibu. Kidole kwenye neno!

Nilitoa hotuba yangu ya Himaya. Dakika arobaini. Ilikuwa nzuri. Nilipofika kwenye bendera sauti yangu ilitetemeka mahali panapofaa.

Bi Wanja akashukuru. Akaniuliza, kwa heshima sana, kama ningeweka kidole mahali panapomtaja Mwingereza.

Nikaenda ubaoni. Kidole changu kilizunguka kama nzi anayetafuta pa kutua. Nikasema Mwingereza amejificha kati ya mishororo.

Hapo ndipo nilipopata adui. Ana miaka kumi na saba. Anaitwa Wagaki. Ana nywele fupi na penseli ndefu. Anaishi na shosho, nyanya yake, hapo hapo Kawangware, nyuma ya ploti, wana ng'ombe mmoja na jiko la udongo. Alipita mbele bila haraka. Kidole kwenye *goti*, kidole kwenye *kiganja*. Akasema mtu akisali kiganja chake hakiendi chini mbele, huyu anafanya kazi. Kidole kwenye ng'ombe. Akasema hilo si shamba la mzungu, "hiyo ni ile kitu iko kwa ndoo." Darasa likaangua kicheko. Kidole kwenye *kisigino*. Akauliza wenzake: mtu akienda mlangoni, nini hutangulia kufika? Vidole vya mguu. Hapa kimefika kisigino. Kwa nini?

"Anarudi nyuma!" wakapiga kelele.

Basi, akasema Wagaki, huyu anasiriba nyumba. Amechukua udongo na kinyesi cha ng'ombe na anapaka sakafu kwa mkono, tena ni msichana, kwa sababu kwao wavulana hawapewi ndoo ile. Na shairi linageuka mshororo wa tisa kwa sababu hapo amefika mlangoni, ameinua macho.

Bi Wanja alikuwa ameweka mkono mdomoni kama mtu aliyeona nyota ikianguka. Nami nilisimama pale, miaka thelathini na mitatu ya Himaya ikinishuka miguuni.

Nilijikaza. Nikasema vema sana binti, hilo ndilo nililokuwa nikilingoja, Himaya ilikuwa mtego wa kuwajaribu. Mshairi anaweza kuvaa sauti yoyote, nami nilivaa ya msichana.

Kijana mmoja, Brandon, akauliza toka nyuma: "Lakini Guka, wewe ushawahi siriba?" Guka ni babu kwa Kikuyu.

Nikajibu kwamba nimesiriba tangu utotoni, kwani mama yangu hakuzaa binti.

Nina dada watatu. Walinifukuza hata nilipochungulia.

Nilidhani yameisha. Hapana! Gachanja alikuwa dirishani, amevaa kofia yake ya manyoya. Akasema kile chumba cha maktaba kilikuwa banda la kuku wake na sakafu yake ni mashimo matupu. Simenti ameahidi wazazi tangu mwaka juzi. Lakini ng'ombe anao. Je, si itakuwa jambo tamu mshairi mwenyewe aisiribe maktaba yake mbele ya wanafunzi? Wakapiga makofi na kugonga madawati.

Bi Wanja akasema hapana, Mzee ni dhaifu. Nikawa nimeokoka. Kisha Wagaki akasema, bila kunitazama, "Ni kweli. Tusimsumbue. Pengine amesahau."

Nikasema Jumamosi asubuhi.

Ijumaa, 5 Julai

Mpango wa kwanza: kuugua. Nilianza kukohoa saa tatu. Saa nne Akeyo akaniletea dawa chungu ya majani na akaketi kunitazama nikiimeza. Nikapona.

Mpango wa pili: elimu. Nikamwambia Akeyo kwamba kuna wazungu fulani wanafanya utafiti juu ya kusiriba, nami ningependa kujua, kwa ajili ya sayansi tu, udongo kiasi gani na kinyesi kiasi gani. Akasema ndoo moja ya udongo kwa nusu ya kinyesi, maji mpaka ilegee kama uji wa mgonjwa. Nikauliza mkono unakwendaje. Akanionyesha hewani, nusu duara, kutoka nje kuja ndani, kama mtu anayefuta ubao kwa upendo. Nikaandika yote kwenye karatasi.

Akaniuliza hao wazungu hawataki kujua unaanzia wapi. Nikamwambia hilo ni dogo, mtu huanzia aliposimama.

Akasema haya, Japuonj. Akainamia omena wake. Mabega yalikuwa yakitikisika. Nadhani ni baridi.

Inanishangaza: Jumamosi moja baada ya nyingine, tangu tuoane, Akeyo husiriba sakafu ya kila chumba tulichopanga. Saa hiyo mimi huwa nje chini ya paa nasoma gazeti. Kurasa za michezo ni ndefu.

Jumamosi, 6 Julai

Naandika nikiwa kitandani, na miguu yangu ndani ya karai la maji moto.

Nilikuwa na hila moja nzuri. Sikutaka wanione nikikosea mkono, basi niliwaambia mshairi hufanya kazi peke yake. Wote watoke, hata Bi Wanja, warudi baada ya saa moja. Wakatii. Chumba ni kidogo, hatua tatu kwa tatu, dirisha la ukubwa wa daftari. Ndoo iliwekwa mlangoni. Nikakunja suruali. Nikapiga magoti pale pale penye ndoo. Nikaanza.

Mambo yalikwenda vizuri mno! Nusu duara, nusu duara. Sakafu ikang'aa. Nikawa nasogea mbele, nikisukuma ndoo, nikipumzika kila baada ya mikono mitano. Nikafikiri, kumbe! Kazi ambayo wanawake wameifanyia makelele dunia nzima, mzee mwenye moyo mbovu anaimaliza akiimba.

Nikafika ukutani. Nikageuka kutazama kazi yangu.

Mlango ulikuwa upande ule. Mimi nilikuwa upande huu. Katikati sakafu yote ilikuwa mbichi.

Nilibaki nimechuchumaa pembeni juu ya gunia tupu, mgongo kwenye bati, ndoo mapajani kama mtoto mchanga. Julai! Hakuna jua. Tope haliwezi kukauka mpaka wiki ijayo. Nikafikiria kukanyaga haraka. Lakini nyayo zingeonekana, nyayo za mtu mmoja zinazotoka ukutani, ushahidi ambao ungehitaji kidole kimoja tu. Nikapima dirisha. Kichwa kilipita. Kikarudi kwa shida.

Mlango ulipofunguka alikuwa Wagaki, peke yake. Alitazama sakafu. Alitazama mlango. Akanitazama mimi kule pembeni. Hakucheka. Akasema taratibu, kwa Kiingereza safi, mshororo wa kwanza wa shairi langu.

*Naanzia pale ukuta ulipo mbali.*

Mshororo wa kwanza! Nimeufundisha miaka thelathini na mitatu. Nimewapa wanafunzi adhabu ya kuunakili mara mia.

Kisha wakaja wote. "Manze, Guka amejifungia!" Gachanja akauliza toka nje kama nilikuwa napanga kuruka. Akasema kuku wake walioishi mle miaka minne hawakupotea njia hata siku moja. Brandon akavua viatu, akaja akanibeba mgongoni, akaacha mashimo kumi na mawili katika kazi yangu.

Wagaki akachukua ndoo. Akaanzia ukutani. Akarudi nyuma, goti nyuma, kiganja mbele, akifuta mashimo ya Brandon moja moja, na huku anasoma shairi kwa sauti ya chini. Mkono mmoja kwa nusu mshororo! Mkono ulikwenda pamoja na mizani kama vile vilizaliwa pamoja. Mshororo wa tisa kisigino chake kiligusa kizingiti, kweli kabisa, akasita, akainua macho. Bi Wanja alikuwa analia. Alipomaliza alikuwa nje pamoja nasi, na ndani hapakuwa na alama ya mtu.

Nikiri hapa peke yangu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulielewa lile shairi.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Mmeona? Nilianza vibaya makusudi, ili mjifunze."

Bi Wanja akasema huo ndio ualimu. Wagaki alikuwa ananawa mikono.

Jumatatu, 8 Julai

Mafua makali. Kifua kinalia kama mlango.

Wamekuja kunitazama, Bi Wanja na Wagaki, na machungwa. Bi Wanja aliingia moja kwa moja. Wagaki alisimama mlangoni, macho chini. Nikadhani ni adabu. Kumbe alikuwa anasoma sakafu yetu! Nusu duara za vidole vya Akeyo, safu kwa safu, kutoka ukuta wa mbali mpaka kizingitini. Alizitazama kama anavyotazama ubao.

Akamsalimia Akeyo, akamwita Mathe, yaani mama, akaketi naye nje kwenye omena. Mimi niko ndani nimenaswa na Bi Wanja anayeniuliza juu ya vina, huku sikio langu likijitahidi kupita ukutani. Nilisikia vipande tu. Mathe ulisoma shule gani? Ile ya wasichana, karibu na ziwa, ambako Japuonj alikuwa anafundisha. Na nani alikuwa anasiriba madarasa? Sisi wasichana, kila Jumamosi. Na baada ya shule? Baada ya shule Japuonj alikuja kwetu na baiskeli mpya, nami nikakaa nyuma.



Ni kweli. Nilimchumbia kwa baiskeli aliyoshinda yeye. Alikwenda kanisani siku ya harusi juu ya keria yake. Alishukuru!

Walipoaga, Wagaki alinishika mkono kwa mikono miwili kama mjukuu mwema. Akaninong'oneza, "Guka, shairi ni kali sana. Mwenyewe ashasikia litachorwa ukutani?"

Nikasema sielewi.

Akasema, "Jumamosi ukisema wewe itakuwa poa. Nikisema mimi itakuwa mbaya." Kisha akaongeza kwamba ubaoni, kuonyesha aliyeliandika, anahitaji vidole vitatu tu.

Ninatishwa na mtoto wa Kidato cha Tatu! Katika nyumba yangu! Kwa kutumia mbinu za mtaala!

Jumatano, 10 Julai

Nimesema. Si kwa hiari, lakini nimesema.

Nilimngoja Akeyo arudi sokoni. Nikamwambia Mama Audrey, keti. Audrey ni binti yetu, yuko Eldoret. Akakaa. Nikaanza na historia ya soneti huko Italia. Akaniuliza kama ataweka sufuria motoni wakati tukielekea tunakoelekea. Basi nikatumbukia. Nikasema mwaka 1957, daftari lako, jarida, baiskeli.

Akasema, "Najua."

Nikasema unajua nini.

Akasema zamu ya kufagia chumba cha walimu siku za Jumamosi ilikuwa yake. Jarida lilikuwa juu ya meza. Alisoma maneno yake na jina langu, akapangusa meza, akalirudisha lilipokuwa. Miaka kumi na saba alikuwa nayo.

Miaka thelathini na tisa! Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema mwanzoni aliogopa kufukuzwa shule. Halafu akawa mke wangu, akangoja niseme mwenyewe. Alidhani nitasema Audrey akizaliwa. Halafu akadhani nitasema nikistaafu. "Halafu nikawa na omena," akasema.

Aliuliza jambo moja tu. Kama nakumbuka jina alilolipa yeye. Sikukumbuka. Nilikuwa nimelikata kwa wino mwekundu. Akasema aliliita "Jumamosi".

Nilijisikia mdogo. Niliahidi, mkono juu ya Biblia, kwamba siku ya zawadi nitasimama na kusema yote mbele ya kila mtu, na jina litakalochorwa ni lake. Akaniuliza, "Utasema?" Nikasema nitasema. Akasema angependa kuliona jina lake ukutani kabla mmoja wetu hajaondoka. Alisema hivyo huku akichungulia sufuria, kana kwamba ni habari ya chumvi.

Nimeanza kuandika hotuba ya kukiri. Ya kwanza ilianza: "Katika ujana wangu, nikiwa na kipaji kisicho cha kawaida..." Nimeichana. Ya pili: "Wakubwa wengi wa dunia wamekosea..." Nimeichana. Ya tatu ilikuwa nzuri, lakini ilipoisha ilikuwa inaonyesha kwamba koma zile mbili ndizo zilizolifanya shairi.

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi: rasimu ya kumi na moja. Nimemlaumu mkoloni, jarida na mchwa. Nilimsomea Akeyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nioneshe kwa kidole mahali niliposema samahani.

Mchana: Akeyo hakwenda sokoni leo. Alikuwa na shughuli mezani. Nililala.

Jioni: hotuba iko tayari! Ukurasa mmoja. Nimeisoma mara nne na kila mara macho yamelowa. Hakuna neno la ziada. Nimepumzika moyoni kama ambavyo sijapumzika miaka mingi.

Jumamosi, 13 Julai

Imekwisha. Nimesema.

Gachanja Hill ilijaa. Wazazi kwenye madawati, kuku chini ya madawati. Mchoraji alikuwa ameshaandika shairi lote ukutani kwa rangi ya buluu, na nafasi ya jina akaiacha mwisho, kwa sababu Wagaki alimwambia angoje. Wagaki mwenyewe alisimama karibu na ubao, kidole tayari.

Nikasimama na fimbo yangu. Nikasoma. Inaanza hivi: "Siku moja nilichukua kitu kutoka katika daftari la mtoto, na mtoto huyo amenipikia tangu siku hiyo." Hapo mama mmoja akasema uwi! Nikaendelea. Baiskeli. Jarida na kitambaa cha vumbi. Mume anayesoma gazeti nje huku shairi linaandikwa upya kila Jumamosi ndani, kwa vidole, na yeye akifika analikanyaga. Nilipofika mwisho nilisikia pua zikivutwa kila upande. Gachanja alivua kofia yake ya manyoya, jambo ambalo wapangaji wake wanasema hawajawahi kuliona.

Wakamsimamisha Akeyo. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na sweta ya Audrey. Mchoraji akamuuliza jina liandikweje. Akasema kwa sauti ya mtu aliyejibu swali hilo kichwani mara nyingi: "Akeyo Aketch." Jina la kwao, la kabla yangu. Na juu, pale palipoandikwa "Kuondoka kwa Himaya", rangi nyeupe ikapita, ikaandikwa "Jumamosi". Alisogea karibu na ukuta mpaka pua ikakaribia kuchafuka. Alisoma jina lake polepole, herufi moja moja, kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto aliyezaliwa. Kisha akatazama sakafu ya maktaba, akamwambia Wagaki pembe ya kushoto irudiwe.

Wagaki alishusha kidole chake. Akanicheka kidogo, kwa mara ya kwanza, cheko la kirafiki. Nikahisi ningeweza kufa papo hapo nikiwa mtu mwema.

Ningekufa tu! Ingekuwa bora.

Kwa maana hapo Bi Wanja alinijia, macho mekundu, akasema hajawahi kusikia nathari ya namna ile. Aliomba ile karatasi. Wiki ijayo Kidato cha Tatu wataisoma kwa karibu, sentensi kwa sentensi. Na Gachanja amekubali ichorwe kwenye ukuta wa pili, mkabala na shairi, mke upande huu na mume upande ule. Alisema, "Mwalimu, shairi halikuwa lako, lakini hii ni yako, na ni kubwa kuliko shairi." Akanipa kalamu.

Nilimtazama Akeyo. Alikuwa akinitazama. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa. Alingoja tu, kama alivyozoea.

Watu walikuwa wengi. Mchoraji alikuwa ameshachovya brashi.

Nikasaini. Jina kamili, na mstari chini yake.

Tulirudi Lindi juu ya magunia ya chakula cha kuku. Akeyo akaniuliza kama nitakunywa uji. Huko Kawangware Wagaki amechukua nakala ya hotuba. Nilimwona akinoa penseli.

Basi na liwe limeandikwa hapa, ambapo hakuna anayesoma: ile hotuba ya kukiri, neno kwa neno, aliiandika Akeyo.